Mstari Uliokosekana

Baba alisoma gazeti kuanzia nyuma.
Vita vingojee, waziri angojee,
kwanza ukurasa wa bei,
kidole kikishuka kwenye herufi ya K
mpaka kati ya kiwanda cha bia na kiwanda cha saruji:
Knofka, vifungo na bizimu, Hlubočná.
Kisha nambari.
Kisha chai.

Hisa mia moja na kumi na mbili.
Hakuzinunua kwa pesa, pesa hakuwa nazo.
Ulikuwa mwaka ule serikali mpya ilipogawa vitabu vya kuponi
kama watu wanaogawana vyombo vya marehemu
kilio hakijaisha.
Wenzake walichagua benki, mafuta, hoteli za Praha.
Yeye alichagua mashine namba tisa,
aliyoisikiliza miaka ishirini na sita
hadi sikio la kushoto likafa.
"Najua inavyokohoa," alisema.
Mama akasema hayo ni mapenzi, si biashara.

Juu ya kabati la jikoni akaweka chupa ya matango ya siki,
ndani yake vifungo, kimoja kwa kila hisa:
vya mfupa, vya shaba, vya pembe,
na kimoja cha lulu bandia chenye matundu matatu,
kosa la mashine,
alichokipenda kuliko vyote.
Bei ikipanda, aliitikisa chupa.
Ikishuka, aliifuta vumbi, asiseme neno.

Alhamisi moja ya Februari, theluji imefika dirishani,
kidole kikashuka, kikapita bia, kikatua kwenye saruji.
Kikarudi juu.
Bia. Saruji.
Hata pengo hapakuwa, na hilo ndilo lililomuuma:
mistari ilikuwa imesogeleana
kama watu kwenye benchi mmoja wao akinyanyuka.
Alimwomba mama miwani ile nyingine.

Barua ilichelewa siku kumi na moja.
Hisa zimeondolewa sokoni.
Haki za wenye hisa hazikuguswa.
"Hazikuguswa!" Neno hilo alilirudia wiki nzima,
akamwambia hata mbwa wa Bwana Šebesta
kwenye uzio.

Nilikuwa na miaka kumi na saba,
hesabu naijua, huruma bado.
Nikamwambia: basi, ni sifuri.
Akanitazama kama nimevunja sahani.
"Sifuri ni bei, Zdislava.
Sifuri huandikwa."

Honi ya kiwanda iliendelea kulia alfajiri miezi mitano zaidi.
Namba tisa iliuzwa kwa uzito wa chuma.
Na kila Januari ofisi ya msajili ilituma ankara:
koruna arobaini na nane,
ada ya kutunza hisa.
Mama alitaka kuitia jikoni, iwe moto.
Baba alivaa kofia, akaenda posta, akalipa,
akaikunja risiti mara nne, akaitumbukiza chupani.
Mwaka baada ya mwaka karatasi zikajaa kati ya vifungo,
mpaka ukiitikisa chupa
haikutoa sauti.

Alifariki Oktoba.
Tulimvika koti lake jeusi, kifungo cha pili hakipo.
Mama akamimina chupa juu ya meza,
akapekua risiti kama anayechambua mchele,
akakichukua kile cha matundu matatu
na kukishona kwa uzi wa kahawia,
maana mweusi ulikuwa umekwisha.

Ankara ya mwaka huu imekuja na jina langu.
Mmiliki wa hisa mia moja na kumi na mbili, imeandikwa,
na mimi najua zimebaki mia moja na kumi na moja.

Niko posta. Mbele yangu yuko bibi mmoja tu,
anabishana juu ya kifurushi.
Sina haraka.
Koruna ninazo mkononi, zimeshapata joto.